Dume Yadi 24, Mikono Ikitetemeka: Uchambuzi wa Kisa cha Mwindaji wa Upinde

Usuli

Kisa hiki kinahusu mishale miwili ya mwindaji mmoja katika msimu mmoja wa upinde, siku kumi na sita zikiitenganisha. Kilitokea katika jimbo mojawapo la Kati-Magharibi ya Marekani. Jina la mwindaji, jimbo, wilaya na alama za shamba vimeondolewa. Tutamwita M.: mwanamume wa miaka thelathini na kitu, asili yake mashariki ya Kongo, mfanyakazi wa ghala, na huu ulikuwa msimu wake wa pili. Alikuwa amemaliza kozi ya usalama wa wawindaji, ana leseni na vibali vya msimu huo, na ruhusa ya maandishi ya mwenye shamba. Aliyemfundisha ni mtu wa kwao aliyemtangulia kufika huko, ambaye M. humwita yaya, yaani ndugu mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Hakuwa naye msituni. Walikuwa wakiwasiliana kwa simu.

Kwenye uwanja wa mazoezi M. hakuwa na tatizo lolote. Kwa yadi 30 (mita 27) mishale yake sita ilikaa ndani ya duara la sentimita 12. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa mkia mweupe, ndiye mnyama anayewindwa pale, lina upana wa sentimita 20 hadi 25. Kwa hesabu za uwanjani mtu huyu hakustahili kukosa, na hapo ndipo kisa chake kinapofundisha.

Anayewinda kwa bunduki anaweza kumpiga mnyama aliye mita 150, ambaye hajui kama kuna mtu. Wa upinde humngoja mpaka afike mita 20, umbali ambao mnyama husikia nguo ikisuguana na kuona mkono ukiinuka. Halafu analazimika kufanya mwendo mkubwa kuliko wote, kuvuta upinde, mbele ya macho yake. Kumngoja mnyama akikaribia huchukua dakika nzima, wakati mwingine tano, na muda wote huo mwili unazidi kupanda joto. Wawindaji wa huko huiita hali hii homa ya dume, na huwashika hata wenye miaka thelathini ya kuwinda.

Vifaa na mahali

Upinde wa M. ulikuwa wa kompaundi, wenye magurudumu kwenye ncha za matawi yake, uzito wa kuvuta pauni 65. Upinde wa aina hii ukishavutwa mpaka mwisho, magurudumu hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Wake ulipunguza asilimia 80, kwa hiyo mkono ulibaki umeshikilia pauni 13. Mshale ulikuwa na uzito wa greni 425 (gramu 27.5), chembe yake (kichwa cha mshale) ya visu visivyokunjuka, na ulitoka kwa kasi ya futi 270 kwa sekunde, yaani mita 82. Kifyatulio, kifaa cha kushika na kuachia upote (kamba ya upinde), kilikuwa cha kufungwa kwenye kifundo cha mkono, kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada, nacho kilirekebishwa kikawa chepesi mno: kuguswa tu, mshale umekwenda. Alikuwa na pini za kulengea za yadi 20, 30 na 40.

Dungu lake lilifungwa kwenye mwaloni, urefu wa mita 5.5, ukingoni mwa msitu unaopakana na shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Alivaa mikanda ya usalama ya mwili mzima, iliyounganishwa na kamba inayoshuka hadi chini ya mti.

Mshale wa kwanza

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba, majira ya madume kuanza kutafuta majike. M. alipanda dunguni saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, nyuzi joto 2. Njiani alikuwa amekunywa kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu, na hakuwa amekula.

Saa mbili na dakika ishirini alisikia majani makavu yakivunjika. Yadi 70 mbele yake alitokea dume mkubwa. Jambo la kwanza alilofanya M. ni kuhesabu matawi ya pembe, na aliyahesabu mara tatu. Moyo ulianza kumpiga masikioni. Akasimama kwa haraka, akatoa kipima umbali cha leza, akapima dume akitembea. Kipimo cha kwanza kilisema 31, cha pili 19, cha tatu 27, kwa sababu mkono ulitetemeka na mwanga wa leza uligonga matawi yaliyo mbele na nyuma ya mnyama. Akaacha kupima.

Dume alipofika yadi 35 nyuma ya kichaka, M. alivuta upinde. Aliamini kwamba baada ya hatua mbili dume angetoka. Dume alisimama kunusa tawi lililoning'inia, kama madume wafanyavyo majira hayo, akakaa hapo. M. aliushikilia upinde karibu dakika nzima. Mkono wa kushoto ulianza kucheza, kisha magoti. Hakuulegeza, kwa hofu kwamba mwendo huo ungemfukuza dume.

Dume akatoka, ubavu wazi, yadi 24. Pini ilikuwa juu ya bega, ikishuka kuelekea mapafuni, na kabla haijafika kidole kilibonyeza. Mshale ulipiga juu ya mfupa wa bega kwa sauti kavu, ukaingia kidogo. Dume alikimbia mshale ukimning'inia.

Saa zilizofuata

Hapa M. alitenda kosa la pili, na kwa maoni yangu lilikuwa na hatari kubwa kuliko la kwanza. Dakika tano hazikupita, alifungua kiunganishi cha mikanda akiwa bado juu, akaanza kushuka akitetemeka. Mguu uliteleza kwenye kipandio, akabaki ameshikilia kwa mikono. Kuanguka kutoka dunguni ni miongoni mwa mambo yanayoumiza na kuua wawindaji wa kulungu zaidi ya yote, na wengi huanguka wakipanda au wakishuka.

Alipofika chini alifuata damu mara moja, kama mita 60, ndipo akatuma ujumbe: «Yaya, nimelipiga dume. Damu iko, lakini sijui mshale uliingia wapi.» Jibu lilikuja kwa kifupi: «Simama hapo ulipo. Weka alama. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, unipigie.»

Kwenye simu yaya alimuuliza mambo matatu. Manyoya yaliyobaki mahali pa kupigwa ni ya rangi gani? Kahawia, magumu. Damu je? Nyekundu ang'avu, haina povu. Na mshale? Kipande kilichovunjika kilikuwa na damu urefu wa sentimita 12 tu. Dalili zote zilionyesha nyama ya juu ya bega. Manyoya meupe yangeonyesha tumbo la chini, damu ya waridi yenye mapovu ingekuwa ya mapafu, nyeusi-nyekundu ya ini, na yenye rangi ya kijani au harufu ya matumbo ingemaanisha kungoja saa nane hadi kumi na mbili.

Waliamua kungoja kwa muda wa saa nne. Wako wawindaji wanaoshikilia kwamba jeraha la nyama lifuatwe papo hapo ili damu isigande. Yaya alifikiri vingine: hawakuweza kuwa na hakika kwamba chembe haikugusa pafu moja, hali ya hewa ilikuwa baridi kiasi cha nyama kutoharibika, na mvua haikutarajiwa. Kungoja hakukuwa na gharama kubwa. Kumkurupusha mnyama mwenye pafu moja kungemfanya akimbie kilomita nyingi.

Saa saba mchana M. na yaya walianza tena wakiwa wawili. Damu iliisha baada ya mita 180, kwenye uzio wa jirani. Walimpigia jirani kwanza wakapata ruhusa. Katika majimbo mengi huwezi kuvuka kumfuata hata mnyama uliyemjeruhi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Jioni alikuja mtu mwenye mbwa wa kufuata damu, akiwa amefungwa kamba kama sheria ya jimbo hilo inavyotaka. Mbwa aliongoza mita 700 hivi, dume akainuka mbele yao akakimbia kwa nguvu, shingo imenyooka. Mwenye mbwa alisitisha msako. Mnyama anayekimbia hivyo saa kumi baada ya kupigwa ana nafasi nzuri ya kupona, na kumsukuma zaidi ni kumtesa.

Siku tisa baadaye kamera ya msituni ilimpiga picha dume yuleyule, kovu juu ya bega, akimfukuzia jike.

Maamuzi ya wiki mbili

Sheria ya pale haikumlazimu M. kuhesabu mnyama aliyejeruhiwa kama aliyeuawa. Hata hivyo aliamua kutopandisha upinde kwa dume yeyote mpaka ajue hatima ya yule wa kwanza, na hata picha ilipopatikana aliendelea na uamuzi kwamba mshale unaofuata utakuwa wa jike. Sababu yake ilikuwa nzuri: alitaka mnyama ambaye pembe zake hazitamteka macho. Pia alijiwekea mpaka wa yadi 20.

Upinde ulishushwa hadi pauni 58. Boliti za matawi yote mawili zilizungushwa mizunguko mitatu kila upande, sawasawa. Zikitofautiana, magurudumu hayazunguki pamoja na mshale hutoka umepinda. Baada ya hapo pini zililengwa upya kwa chembe halisi za kuwindia, kwa kuwa hazirukii pale zinaporukia chembe za mazoezi. Kasi ilipungua hadi futi 255 hivi, ambayo bado inatosha kabisa kupenya mbavu. Kipimo walichotumia kuchagua uzito ni rahisi: keti kitini umevaa koti zito, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, vuta. Ukilazimika kuelekeza upinde angani ili uvutike, ni mzito kwako.

Kifyatulio ndicho kilichochukua muda mwingi. M. alikikaza kikawa kigumu kiasi cha kuweza kukikumbatia kwa kiungo cha pili cha kidole bila kufyatuka. Kisha alifundishwa kufyatua kwa kuvuta kiwiko nyuma, kana kwamba anataka mifupa ya mabega ikutane mgongoni, kidole kikibaki kimekunjwa tu. Mazoezi yalifanywa mbele ya robota la nyasi lisilo na alama yoyote, umbali wa mita tatu, macho yamefumbwa, mishale ishirini kila jioni. Bila shabaha hakuna cha kuogopa kukosa, na mwili unapata nafasi ya kujua kufyatua kusikotarajiwa kunafananaje. Ni lazima mshale uwepo kila mara: kuachia upote mtupu huweza kupasua matawi ya upinde.

Aliongeza maneno anayoyatamka kwa sauti ya chini kila anapovuta: «Shavu. Kitundu. Nywele. Vuta, vuta, vuta.» Shavu ni mkono kufika kituo chake taya linapoishia. Kitundu ni duara la kwenye upote kulingana na duara la pini. Nywele ni kuchagua kishungi kimoja cha manyoya nyuma ya kunjo la mguu wa mbele. Neno la mwisho hurudiwa mpaka mshale uondoke wenyewe. Akikatiza neno, anaulegeza upinde.

Kuulegeza nako kulihitaji mazoezi yake. Upinde unaopunguza asilimia 80 hukupa pauni 12 mkononi, na ukisogea sentimita chache mbele mzigo wote wa pauni 58 hurudi kwa ghafla na kumvuta mtu. Kidole kiwe nyuma ya kifyatulio, kiwiko kiende mbele polepole, na pini isiondoke kwa mnyama mpaka upote utulie. M. alifanya hivyo mara kumi kila jioni, ameketi, kwa koti.

Asubuhi kabla ya kazi alipiga mshale mmoja tu, bila kujipasha moto, kwa nguo za kuwindia. Matokeo ya mshale huo ndiyo aliyoandika. Mishale ya pili na ya tatu haipo msituni. Alijaribu pia kukimbia mita 100 kisha kupiga. Hilo lilisaidia kidogo. Moyo wa mbio na moyo wa woga huenda mbio sawa, lakini mtu aliyekimbia anajua kwa nini anahema na akili yake imetulia. Kilichomtetemesha kweli ni mazoezi ya Jumamosi, alipopiga mshale mmoja mbele ya rafiki zake saba, na akikosa awanunulie wote chakula.

Mshale wa pili

Katikati ya Novemba, alasiri, nyuzi joto 3. M. alikuwa amekula, hakunywa kahawa wala kinywaji cha nguvu, na alikuwa na vipasha-mkono mifukoni. Mara alipoketi alipima umbali wa vitu vinne: mti uliopasuka yadi 15, jiwe 18, kisiki 20, kona ya uzio 30. Alijiambia kwamba nyuma ya kisiki hakuna mshale. Majike wawili walipopita chini mapema, alimvutia mmoja upinde bila nia ya kufyatua, kidole nyuma ya kifyatulio, akaulegeza. Hawakumwona. Moyo ulipanda ukashuka, naye akawa ameshapita hapo mara moja siku hiyo.

Saa tisa na dakika hamsini jike aliyekomaa alitoka upande wa mahindi, peke yake. M. alihisi miguu ikilegea. Alianza kupumua kwa hesabu, kuvuta kwa nne na kutoa kwa nane, mara tano. Jike alipoingiza kichwa nyuma ya shina nene, alisimama taratibu. Kichwa kilipofichika tena, alivuta.

Jike akageuka akamkabili. Kifua kilichokuelekea si mahali pa mshale: nafasi ni nyembamba na mifupa ni mingi. M. alishikilia kwa hesabu ya kumi na tano, akaulegeza. Jike aliinua kichwa, akapiga mguu chini, akatazama juu karibu dakika moja. M. alitazama kwato zake, hakumtazama usoni, akaendelea kuhesabu pumzi. Mkia ulipotikisika na kichwa kurudi majanini, alingoja hatua tatu zaidi. Jike akasimama kwenye mti uliopasuka, mshazari, makalio yakimwelekea M.

Alivuta, akayatamka maneno, akafika kwenye «vuta» ya tatu. Mshale ulipita mwili mzima na kukwama ardhini.

Hakushuka. Alitundika upinde, akaketi, akaacha mikono itetemeke. Alitazama dira ya simu kuona jike alikimbilia wapi, akapiga picha ya mahali hapo kutoka juu akaitia alama, kwa kuwa ukifika chini msitu hauonekani vilevile. Baada ya dakika arobaini alishuka, mikanda ikiwa imeunganishwa na kamba mpaka kipandio cha mwisho, akaukagua mshale. Damu ya waridi yenye mapovu, na juu yake michirizi ya nyeusi-nyekundu. Mapafu na ini. Mapafu mawili peke yake yangetaka nusu saa. Kwa sababu ya ini alirudi garini akangoja kwa muda wa saa mbili, na yaya alikubali, akisema zaidi ya hapo mbweha wa kule, koyote, wangefika kwanza. Kwa taa walimkuta mita 90 kutoka mti uliopasuka, amekufa kitambo.

Uchambuzi: «aliinama»

Maelezo ya kwanza ya M. kuhusu dume yalikuwa kwamba aliusikia upote akachuchumaa, mshale ukapita juu. Kulungu hufanya hivyo kweli, hukunja miguu ili aruke. Lakini tupige hesabu. Yadi 24 ni mita 22. Mshale wa mita 82 kwa sekunde huchukua sekunde 0.27. Sauti humfikia mnyama kwa sekunde 0.06. Ukimpa sehemu moja ya kumi ya sekunde ya kushtuka, inabaki sekunde 0.1 ya kushuka. Mwili uliokunja miguu hushuka kwa mvuto wa dunia, na kwa sekunde 0.1 hiyo ni sentimita 5. Mshale wa M. ulikuwa juu kwa zaidi ya sentimita 15. Kuinama kunaeleza theluthi moja kwa ukarimu. Kwa yadi 38 hesabu ileile hutoa karibu sentimita 24, ndiyo maana mpaka wa umbali una maana hata kwa mtu anayelenga vizuri uwanjani.

Kilichobaki kinaelezwa na kidole. Upinde ukisogea nusu digrii, kwa mita 22 mshale huhama sentimita 19. Mtu anayebonyeza kwa kushtukiza huusogeza kwa zaidi ya hapo. Inawezekana pia kwamba akiwa juu aliinamisha mkono wa upinde badala ya kujipinda kiunoni, jambo linalobadilisha kituo cha mkono shavuni na mara nyingi hupandisha mshale. Hilo halikuweza kuthibitishwa, lakini mazoezi yake yote yalifanywa ardhini, na hilo lenyewe ni pengo.

Uchambuzi: mwili na mahali pa kuukabili

Adrenalini ikitoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, moyo hukimbia, misuli mikubwa hujazwa damu, vidole hupoteza ustadi, mtetemo mdogo ambao kila mkono unao hukuzwa, na macho hubana kwenye kitu kimoja. Kwa M. kitu hicho kilikuwa pembe. Hayo hayazuiliki kwa kujiambia utulie. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo kwa njia ya neva ya vagasi, lakini punguzo ni la kiasi, na hufanya kazi kabla ya kuvuta. Ukishavuta, muda wa kuhesabu nane haupo.

Hata siku ya pili M. alitetemeka. Tofauti ilitokana na idadi ya mambo aliyoachiwa ayaamue wakati mwili umechemka. Asubuhi ya dume aliamua umbali, wakati wa kuvuta, pini ya kutumia kati ya 20 na 30, kulegeza au kutolegeza, na mahali pa kupiga, vyote ndani ya dakika mbili. Alasiri ya jike umbali ulishapimwa, mpaka ulishawekwa, wakati wa kuvuta ulijulikana (kichwa nyuma ya shina), na kulegeza kulikuwa jambo alilolifanya mara kumi kila jioni. Lilibaki swali moja tu: amesimama vizuri au hapana?

Ndiyo sababu naona kuulegeza upinde ndiyo hatua bora ya kisa chote, kuliko hata mshale uliofuata. Hofu ya kupoteza nafasi ndiyo iliyomfanya ashikilie dakika nzima asubuhi ile, mpaka misuli ikachoka na kidole kikatafuta namna ya kumaliza mateso. Mwindaji anayejua kwamba anaweza kurudi nyuma bila kuharibu chochote hana sababu ya kuharakisha kidole.

Kifyatulio kigumu na maneno ya kutamka vilifanya kazi pamoja. Tatizo la kubonyeza mapema ni kwamba akili hutoa amri «sasa» pini inapogusa shabaha, na mwili hujikaza kupokea mshtuko kabla mshtuko haujaja. Ukiipa akili kazi ya kusema na kuvuta, amri hiyo haina pa kupita. Wiki mbili hazitoshi kuondoa tabia hii kwa mtu aliyeizoea miaka, M. alikuwa nayo kwa msimu mmoja tu.

Kinywaji cha nguvu, tumbo tupu na baridi havikusababisha woga, ila viliongeza mtetemo juu ya mtetemo. Ni marekebisho ya bure, yafanywe na kila mtu. Kuhusu dawa za kupunguza mapigo ya moyo, ambazo mwenzake mmoja wa kazini alimpendekezea: katika mashindano ya upinde zimepigwa marufuku na shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, kwa kuwa kweli hutuliza mkono. Lakini hushusha shinikizo la damu na kuweza kuleta kizunguzungu, naye yuko mita 5.5 juu ya ardhi. Bila daktari na sababu ya ugonjwa, hapana.

Yaliyobaki na kasoro

Mshale wa pili uliingia sentimita 7 nyuma ya pale alipolenga, ndiyo maana ukagusa ini. M. alikiri kwamba aliinua kichwa kuona mshale unakwenda wapi. Kichwa kikiinuka, mkono wa upinde hufuata. Katika maneno yake hakuna neno la baada ya kufyatua, nalo linahitajika: kubaki umeganda, jicho kwenye kitundu, mpaka mshale ugonge. Yaya alipendekeza neno «bado».

Pia alishindwa kukumbuka jike alikuwa amekanyaga wapi hasa. Bila picha aliyopiga kutoka juu wangeanza kutafuta damu mita kumi kando. Kumbukumbu ya sekunde hizo hupotea kwa watu wengi, kwa hiyo picha na dira viwe sehemu ya utaratibu kama ilivyo mikanda.

Na bado hajajaribiwa kwa pembe. Jike wa yadi 15 na dume wa pembe kubwa haviwashi mwili kwa kiwango kimoja. Kwa msimu unaofuata walikubaliana mambo matatu: mazoezi yote yafanywe kutoka juu, kwenye dungu la nyuma ya nyumba, akiwa amefungwa mikanda, pini tatu ziondolewe ibaki moja ya yadi 20, na dume akitokea, akishaonekana ni halali, pembe zisitazamwe tena mpaka mshale uwe ardhini.